Bata wa Barabarani

Siku nyingine zote barabara hii ni yetu.
Tunaanika vitunguu migongoni mwa simba wa mawe
wenye vichwa vya kondoo dume,
mbuzi wa Tameki wanajikuna ndevuni mwao,
na watoto wangu wote wamejifunzia hesabu hapa:
huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu aliyevunjika sikio.
Imenyoshwa kama uzi wa mwashi,
kutoka lango la kaskazini hadi lango la kusini,
haipindi kwa ajili ya kisima cha mtu
wala kaburi la mtu.
Vichochoro vyetu ndivyo vinavyopinda kuipisha.

Ila mwezi wa pili wa mafuriko,
mashamba yako chini ya maji, majembe yako darini,
watu wa hekalu huja na ndoo.
"Anueni! Anueni!"
Tunaanua vitunguu, tunafunga mbuzi,
tunanyunyiza njia, vumbi lisimwingie mungu puani.

Mimi ni Hunuro, mpika pombe.
Hekaluni sijatia mguu.
Ukuta wake naujua kwa nje tu,
kama mtu amjuavyo jirani mwenye kiburi: kwa mgongo.
Basi mungu akiwa na neno nami
sharti atoke, anikute barabarani.

Mwaka ule nilikuwa na swali.
Patasi ya shaba ya mume wangu ilikuwa imepotea,
mali ya mfalme, iliyopimwa kwa mizani ikaandikwa,
na deni lake lingemeza punda wetu na kwato zake.
Nilimshuku Paheri wa mlango wa tatu,
ambaye mikono yake hufika kabla ya salamu yake.
Mwandishi alinitoza mikate miwili,
akaniandikia kwenye kigae cha mtungi:
*Je, ni Paheri?*

Wakaja.
Ngoma kwanza, kisha madume ya ng'ombe yaliyonona,
yamevishwa manyoya kati ya pembe,
kisha wasichana waliojipinda kinyumenyume
hadi nywele zao zikafagia njia,
kisha ubani,
kisha ile mashua ya dhahabu, mabegani mwa makuhani wenye vipara,
na ndani yake, nyuma ya pazia, yeye.

Nikajitosa mbele. Nikainua kigae.
Mashua ikasimama.
Ikisogea mbele, ni ndiyo.
Ikirudi nyuma, siyo.

Ikarudi nyuma.

Nami, mungu anisamehe, nilitazama mabega, si pazia.
Mpiko wa kulia, mbele: shemeji yake Paheri,
anavuja jasho kama mtungi mpya.
Nikasema, hadi wauza tende wakasikia:
"Ni mungu aliyejibu, au shemeji ameteleza?"

Nilichapwa fimbo tatu.
Nilizistahili, ila nilikuja kujua baadaye.

Maji yalipokupwa, nikikunja mkeka wa Ipui,
kitinda mimba wangu, shaba ikagonga sakafu.
Hakukimbia. Alinishika kidole
akanipeleka kwa yule kondoo wa kumi na saba,
upande wa nyuma, chini, penye kivuli,
akanionyesha: bata.
Bata mdogo, mguu mmoja mrefu kuliko mwenziwe,
kwenye jiwe lile lile lililobeba jina la mfalme.

Patasi ilirudi kapuni kwa baba yake usiku.
Paheri nilimpelekea mtungi wa pombe bila maelezo;
akaunywa bila maswali.

Leo Ipui yuko machimboni, mbali kusini,
anakata mawe ya barabara ya mji mwingine.
Kila sikukuu nawahi mahali pangu alfajiri,
natandaza nguo mbele ya kondoo wa kumi na saba,
nakaa, nampa bata mgongo.
Watu husema, Hunuro mcha mungu, tazama anavyowahi.

Mwaka jana mashua ilifika hapo ikasita.
Hakuna aliyeinua kigae. Hakuna aliyeuliza.
Ikasogea mbele, upana wa kidole,
upande wangu,
halafu ikaenda zake.
Huenda lilikuwa bega lililochoka.
Safari hii sikutazama mabega.